Injini Inamisi: Ijue Silinda Kabla ya Kwenda Tabora Kununua Kifaa

Injini inayomisi haijifichi. Ukiiacha kwenye sailensa, gari linatikisika, usukani unatetemeka, na ekzosi inakatakata mlio badala ya kuvuma mfululizo. Ukikanyaga ili ulipite lori la tumbaku kwenye barabara ya Nzega, gari linajivuta, halafu taa ya cheki injini inawaka.

Kinachofuata wengi wanakijua. Unampigia fundi simu, naye bila kuliona gari anakwambia ulete plagi na koili. Unapanda gari kwenda Tabora mjini, muuzaji anakufungia nne nne, unarudi kwetu Isikizya, wilayani Uyui, mnafunga, na gari bado linamisi kwa sababu shida ilikuwa waya uliotafunwa na panya. Koili ikishafungwa kwenye gari, mwenye duka haipokei tena. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuijua silinda inayokosa, ya pili ni kujua inakosa nini. Kununua kifaa ni kazi ya mwisho, na zile mbili za mwanzo zinafanyika nyumbani, chini ya mwembe, kwa vifaa vichache.

Nitazungumzia injini za petroli za silinda nne, hasa 1NZ-FE ya Toyota, ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye Probox na kwenye IST nyingi, kwa kuwa ndiyo iliyojaa barabarani kwetu. Pikipiki nitaigusa mwishoni. Mwenye Canter au Hilux ya dizeli, mwongozo huu haumfai: dizeli haina plagi za cheche, na misi yake hutafutwa kwenye nozeli, kwenye mbano na kwenye hewa iliyoingia katika mabomba ya mafuta.

Kwa nini usiendelee kuliendesha hivyo hivyo

Silinda inahitaji vitu vitatu ili iwake: petroli na hewa kwa kiasi chake, mbano wa kutosha, na cheche kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana, haiwaki.

Kwenye sailensa ya mizunguko 800 kwa dakika, kila silinda inatakiwa iwake mara 400 katika dakika hiyo, maana huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Sasa silinda ikikosa cheche, mara nyingi nozeli yake huendelea kumwaga petroli kama kawaida. Sehemu ya petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye sampu, oili inakuwa nyepesi. Sehemu nyingine inatoka mbichi na kwenda kuungulia ndani ya katalisti, ile tungi ya kwenye ekzosi yenye vitundu kama sega la nyuki. Katalisti ikipata moto kupita kiasi, vitundu vinayeyuka na kuziba, na hapo koili moja iliyokufa imekuzalishia hasara ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ikifika Unyanyembe, eneo la Tabora, iliwalipa wapagazi waliochoka na kuajiri wengine. Injini haina pa kuajiri: silinda moja ikilala, tatu zinabeba mzigo wa nne mpaka utakapoitengeneza.

> ONYO: TAA INASEMAJE?
> Taa ya cheki injini ikiwaka bila kupepesa, unaweza kwenda polepole hadi nyumbani. Ikipepesa, misi ni kali na katalisti inaungua wakati huo huo: punguza mwendo, tafuta pa kusimama, zima.
> Usisimame juu ya nyasi kavu. Kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, nyasi za pembeni mwa barabara zetu zinasubiri moto tu, na katalisti yenye joto kali inaweza kuziwasha chini ya gari lako.

Jiulize: inamisi wakati gani?

Kabla ya kushika spana, kumbuka ilianza lini na inatokea katika hali gani. Jibu linapunguza kazi kwa nusu.

Kama ilianza baada ya mvua, baada ya kuvuka dimbwi au baada ya kuosha injini, na inapungua injini ikipata joto, maji yameingia kwenye mashimo ya plagi, au koili ina ufa. Kama inamisi kwenye sailensa tu na inatulia ukiongeza mwendo, fikiria hewa inayoingia pembeni kupitia mpira uliopasuka, au valvu. Kama ni mzigo tu unaoiumbua, yaani ukipakia watu na magunia ndipo inakatakata, plagi zimechoka, koili ni dhaifu, au petroli haifiki ya kutosha.

Na kama ilianza baada ya kujaza petroli, anza na petroli. Ile ya chupa vijijini haina ubaya kwa sababu ni ya chupa. Ubaya ni kwamba hujui dumu lake lilibeba nini kabla. EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji, lakini ukaguzi huo unafanyika kwenye vituo, haulifikii dumu la kando ya njia. Chota kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie nusu saa. Maji yatajitenga chini. Kisha dondosha tone kwenye karatasi safi kivulini: petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama, iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta linalochelewa kukauka. Petroli mbaya huzisumbua silinda zote kwa zamu, kwa hiyo usihangaike kutafuta moja. Toa petroli hiyo, weka nyingine, badilisha chujio la petroli.

Vifaa vya kuwa navyo

☐ Spana ya boksi namba 10 (boliti ya koili)
☐ Spana ya plagi ya milimita 16, yenye mpira au sumaku ndani, na mkono mrefu
☐ Bisibisi ndefu na tochi
☐ Mita ya umeme ya kawaida
☐ Fila geji
☐ Pampu ya baiskeli
☐ Kipande cha mpira wa petroli, urefu wa kama shubiri moja
☐ Karatasi na kalamu
☐ Ukipata: kifaa kidogo cha kusomea kodi kinachounganishwa na simu

Pampu ya baiskeli si mzaha; utaona kazi yake.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kugusa

Zima injini, fungua boneti, ondoa kifuniko cha plastiki cha juu. Tumia dakika kumi kutazama tu.

Fuata nyaya za koili na za nozeli kwa vidole, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Panya wa Uyui wanapenda injini iliyopoa usiku, hasa gari likilala jirani na ghala la karanga au mahindi. Utaona vinyesi, maganda, na waya ulioachwa shaba tupu. Angalia soketi za koili: ndimi za plastiki hukauka kwa joto na kuvunjika, soketi ikabaki imekaa kama imeingia kumbe inacheza. Angalia mipira midogo ya hewa iliyounganishwa kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, ikunje kidogo uone kama ina nyufa. Toa chujio la hewa. Barabara za vumbi za kuelekea Loya na Kigwa hulijaza upesi kuliko kitabu cha gari kinavyodhani.

Ukikuta waya umetafunwa, uunge vizuri, ufunge kwa tepu ya umeme, uwashe. Huenda umemaliza.

Hatua ya 2: Soma kodi kabla hujachomoa chochote

Kama una kifaa cha kusomea, hapa ndipo mahali pake, kwa sababu ukianza kuchomoa soketi, kompyuta ya gari itaandika kodi mpya zinazotokana na wewe mwenyewe, na utashindwa kujua zipi zilikuwepo. Andika zote kwenye karatasi.

P0301, P0302, P0303 na P0304 zinataja silinda: tarakimu ya mwisho ndiyo namba yake. P0300 ni misi isiyochagua silinda. Hiyo hukurudisha kwenye petroli, hewa au pampu ya petroli. P0351 hadi P0354 zinahusu umeme wa koili ya 1 hadi ya 4. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli.

Silinda ya 1 ni ile iliyo upande wa mkanda wa dainamo, kisha unahesabu kuelekea upande wa giaboksi. Baadhi ya gari zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, hasa za miaka ya mwanzo ya 2000, hazisikilizani na visomaji vya bei nafuu. Kisomaji kikikataa, usidhani gari limeharibika zaidi. Nenda hatua ya 3.

Hatua ya 3: Itafute silinda kwa sikio

1. Zima injini. Chomoa soketi ya koili ya silinda ya 1. Koili yenyewe iache mahali pake.
2. Washa. Sikiliza sailensa kwa sekunde zisizozidi kumi, kisha zima.
3. Kama mtikisiko umeongezeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Rudisha soketi mpaka isikike ikibofya.
4. Fanya hivyo kwa ya 2, ya 3 na ya 4, moja moja.
5. Ile ambayo ukiichomoa injini haibadiliki, ndiyo iliyolala. Andika namba.

> ONYO
> Usivute koili wala waya wa plagi kwa mkono injini ikiwa inazunguka. Umeme wake ni wa makumi ya maelfu ya volti. Na usijaribu cheche kwa kuegemeza plagi kwenye chuma huku shimo la silinda likiwa wazi: mvuke wa petroli unatoka humo humo. Sigara na jiko la mkaa viwe mbali.

Hatua ya 4: Hamisha, usinunue

Hapa ndipo pesa inapookolewa. Una koili nne zinazofanana, kwa hiyo tayari una vipuri vitatu vya majaribio bila kufika dukani.

Tuseme iliyolala ni ya 2. Injini ikiwa imezimwa, fungua boliti za koili ya 2 na ya 3, zibadilishane nafasi, funga. Rudia zoezi la hatua ya 3, au futa kodi na uendeshe kidogo. Kama misi imehamia silinda ya 3, koili ndiyo mbovu, na utanunua moja. Kama imebaki ya 2, koili ni nzima, iache.

Sasa hamisha plagi. Hili lina masharti.

1. Subiri injini ipoe kabisa. Hedi ni ya aluminiamu; ukifungua plagi ikiwa ya moto unaweza kuja na nyuzi za shimo.
2. Puliza shimo kwa pampu ya baiskeli kabla ya kulegeza plagi. Elekeza ncha ya mpira chini kabisa, pampu mara kadhaa, geuza uso pembeni. Utashangaa mchanga unaoruka. Mchanga huo, plagi ikitoka, ungeingia kwenye silinda na kukwaruza kuta zake.
3. Legeza nusu mzunguko, puliza tena, ndipo utoe.
4. Kurudisha: chomeka kichwa cha plagi kwenye kile kipande cha mpira, iteremshe shimoni, izungushe kwa mpira huo. Ikikaa upande, mpira utateleza na hautaharibu nyuzi. Spana isingekuonea huruma.
5. Ikishagota kwa mkono, kaza kwa spana: plagi mpya nusu mzunguko hadi theluthi mbili, ya zamani ongeza kidogo tu, kama sehemu ya kumi na mbili ya mzunguko.

Ukiwa nazo mkononi, zipange kwa namba na uzisome. Kahawia hafifu au kijivu ni nzima. Nyeusi yenye masizi makavu: petroli nyingi au hewa kidogo, rudi kwenye chujio la hewa. Iliyolowa petroli: haikupata cheche. Iliyolowa oili kwenye ncha: ringi au sili za valvu. Oili ikiwa juu tu, kwenye shimo, ni gasketi ya kifuniko cha valvu inayovuja, ugonjwa wa kawaida na wa bei nafuu, ingawa oili hiyo huozesha mpira wa koili. Nyeupe iliyochomeka: hewa nyingi au joto kali. Nyeupe ya kutakata kama imeoshwa, huku maji ya rejeta yakipungua kila siku: hofia gasketi ya hedi, na usiliwashe tena gari mpaka fundi alione. Kauri yenye mstari mweusi mwembamba kama nywele ina ufa ambao cheche inapitia badala ya kuruka kwenye ncha.

Pima mwanya kwa fila geji. Plagi za Denso na NGK ambazo namba zake zinaishia na 11 zina mwanya wa milimita 1.1. Plagi za kawaida husogezwa kwa kugonga polepole ule mguu wa pembeni. Za iridiamu usizipige msasa wala usiziguse ncha ya kati, ni nyembamba na inavunjika. Plagi ya kawaida hudumu kama kilomita 20,000, ya iridiamu hufika 100,000. Sokoni zimejaa bandia zenye maboksi mazuri kuliko ya halisi. Nyuzi zinazokwaruza na maandishi yanayofutika kwa kidole ni dalili ya kutosha ya kukirudisha kifaa kaunta kabla hujalipa.

Gari lako likiwa la zamani lenye distribyuta, kama Corolla 110, unahamisha nyaya badala ya koili. Pima kila waya kwa mita: usizidi kiloomu 25. Njia nyingine ni ya usiku: zima taa zote, injini ikiwaka nyunyiza ukungu mwembamba wa maji kwenye nyaya ukiwa mbali nazo. Cheche zinazovuja utaziona kwa macho.

Hatua ya 5: Nozeli

Koili nzima, plagi nzima, silinda bado imelala. Washa injini, gusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye nozeli, mpini uuweke sikioni. Angalia kola na mikono isikaribie feni. Nozeli nzima inagonga tk-tk-tk. Ikiwa kimya, zima, chomoa soketi yake, pima omu kati ya pini mbili na ulinganishe na za wenzake; nyingi ziko kati ya 12 na 16. Isiyo na kipimo chochote imekatika ndani. Inayogonga lakini silinda haiwaki huenda imeziba. Hiyo ipelekwe kwa wenye mashine ya kusafishia, usiitoboe kwa sindano.

Hatua ya 6: Mbano

Ukifika hapa, azima geji ya kupimia mbano. Toa fyuzi ya EFI ili petroli na cheche visije, toa plagi zote, mtu mmoja akanyage mafuta hadi chini na kupiga starta kwa sekunde tano, mwingine asome. Linganisha silinda zote. Moja ikipungua zaidi ya sehemu moja kwa kumi dhidi ya wenzake, tatizo ni la ndani. Mwagia kijiko cha chai cha oili kwenye shimo hilo, pima tena. Mbano ukipanda, ni ringi. Ukibaki pale pale, ni valvu au gasketi ya hedi. Kazi ya mwembeni imeishia hapo. Lakini utamfikia fundi ukiwa na jibu mkononi, na itakuwa vigumu kukuuzia koili.

Makosa yanayojirudia

Kuosha injini kwa presha ili "ionekane vizuri" kabla ya kutafuta misi. Unaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo, halafu ukashindwa kujua kipi kilikuwa kibovu. Kuzuia taa ya cheki injini kwa kutoa balbu yake, jambo ambalo baadhi ya wauza magari wanalijua sana. Kusahau kubadilisha oili baada ya kupona: gari likimisi kwa siku kadhaa, vuta kijiti cha oili uinuse, na ikinuka petroli imwage.

Na bodaboda?

Pikipiki ina silinda moja, hivyo hakuna ya kutafuta. Badilisha plagi kwa iliyo nzima ya mwenzako kijiweni, kwa dakika tano tu. Ikibaki vile vile, kata nusu sentimita ya ncha ya waya iliyochakaa na uikaze upya kofia ya plagi. Kisha kabureta: toa bakuli lake la chini, mara nyingi utakuta maji na mchanga mwekundu umeziba jeti. Jeti husafishwa kwa hewa, ile pampu tena, si kwa waya.

Ukiagiza kifaa Tabora

Wengi hawaendi wenyewe, humtuma dereva wa abiria. Mtumie kwa simu: picha ya kifaa kibovu pande zote mbili, namba iliyochapwa juu yake, aina ya injini, na namba ya chesisi. "Koili ya Probox" haitoshi, kwa sababu kuna Probox za injini zaidi ya moja. Mwambie asilipe mpaka akutumie picha ya kipya, na mlinganishe idadi ya pini kwenye soketi na urefu wa mpira. Kifaa kikifika, kifunge kwenye silinda iliyokuwa imelala, futa kodi, kisha endesha hadi Upuge na kurudi ukiwa na mzigo, maana koili dhaifu hujificha gari likiwa tupu. Ile ya zamani iliyo nzima, kama ulibadilisha zote, ifunge kwenye nailoni na uiweke chini ya kiti.